Mwalimu, hizi pointi za leseni ni za kutuokoa au za kutukomoa?

Wasomaji wangu, habari zenu. Mwezi huu barua karibu zote zinazungumzia kitu kimoja, pointi za adhabu kwenye leseni, na mmeniandikia wa kila aina, madereva, abiria, wazazi, wengine mko mahali ambapo mfumo upo siku nyingi na wengine mnasikia tu wabunge wakirushiana maneno. Mimi nimefundisha udereva miaka mingi na msimamo wangu siuchi: pointi naziunga mkono, ila nazitaka kwa masharti, na masharti yenyewe mtayakuta humu ndani ya majibu. Barua ndefu nimezipunguza kidogo.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nimepata leseni juzijuzi tu. Kila ninayemuuliza ananieleza pointi kivyake, huyu anasema unaanza na 12 zinakatwa, yule anasema unaanza na sifuri zinaongezwa, mwingine anasema ni 20. Nani mkweli? Na kama faini nimeshalipa, pointi za nini tena? Dereva mpya

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa leseni. Wote wakweli, ila kila mmoja anaongelea nchi yake. Ufaransa na Hispania dereva wa kawaida anakuwa na pointi 12, akikosea zinakatwa, zikiisha leseni imekwenda. Italia unaanza na 20. Uingereza, Ireland na Ujerumani ni kinyume, unaanza na sifuri alafu kila kosa linakuongezea. Uingereza ukikusanya 12 ndani ya miaka 3 kwa kawaida mahakama inakufungia kuendesha, Ujerumani zikifika 8 leseni inaondoka, na New Zealand wao wanahesabu mpaka 100 ndani ya miaka 2. Kwahiyo ukisikia mtu kala pointi 3 usitishike wala usicheke mpaka ujue ni pointi 3 za wapi.

Wewe mgeni wa barabara una kamba fupi zaidi, hilo ulijue mapema. Ufaransa dereva mpya anaanza na 6 badala ya 12, Hispania 8. Uingereza ndani ya miaka 2 ya mwanzo ukifikisha 6 tu leseni inafutwa, unarudi kuwa mwanafunzi na mitihani unafanya upya. Wengi wanaona ni uonevu, mimi siuoni hivyo, nimekaa siti ya pembeni na vijana wengi na najua miezi ile ya kwanza mtu anavyojiamini kuliko anavyojua.

Sasa faini na pointi. Faini inamalizana na kosa la siku ile, ukilipa mmeachana, na mwenye hela anaweza kulipa kila wiki akaendelea kukimbiza gari vilevile (Finland wameona hilo ndio maana faini ya spidi kubwa wanaipima kwa kipato cha mtu). Pointi haulipi ukaondoka, zinakaa kwenye jina lako, zinajumlishwa na za mwezi uliopita, na zinafutika tu ukitulia kwa muda uliopangwa. Yaani zimetengenezwa kumkamata yule anayerudia rudia. Mtu aliyeteleza mara moja katika miaka 5 hazimgusi sana.

SWALI: Mwalimu mimi ni dereva wa lori mwaka wa 14 huu. Nasema wazi hii sheria ni ya kutunyanyasa sisi. Mwenye gari dogo anaendesha kwenda kazini na kurudi, mimi niko barabarani asubuhi mpaka usiku, kilomita zangu za wiki moja ni zake za miezi. Lazima mimi ndio nitapigwa tochi mara nyingi. Leseni ikienda watoto wangu wanakula nini? Na hao wanaopiga kura bungeni wana madereva. Kwanini tusiegeshe magari wote siku moja waone? Kiti cha mbele

JIBU: Kaka, barua yako nimeisoma mara mbili na sitaki kukujibu juu juu, maana hoja ya kilomita ni ya kweli na wanaotunga sheria mara nyingi wanairuka.

Kuegesha magari kumeshafanyika. Ufaransa walipoanza pointi tarehe 1 Julai 1992 madereva wa malori walifunga barabara kuu nchi nzima, siku kadhaa watu wamekwama katikati ya msimu wa likizo. Mfumo haukufutwa. Lakini kabla mwaka haujaisha jumla ya pointi ilikuwa imepandishwa kutoka 6 hadi 12. Kwahiyo ukiniuliza kama kelele za madereva zina faida nitakwambia zinayo, ila faida yake ilionekana kwenye namna mfumo unavyopimwa, kuufuta kabisa hawakuweza, na mimi nadhani ni vizuri hawakuweza.

Badala ya kusema hatutaki, ningependa nyinyi wa malori na mabasi mwende na madai yenye mashiko. La kwanza ni njia ya kurudisha pointi kabla hazijaisha. Ufaransa mtu anakaa darasani siku 2 anarudishiwa mpaka pointi 4, ila si zaidi ya mara moja kwa mwaka. Hispania kozi inakurudishia mpaka 6, na hapa sikiliza vizuri, dereva wa kawaida anaruhusiwa kozi hiyo mara moja kila miaka 2 lakini dereva wa kazi anaruhusiwa kila mwaka, kwasababu walikubali kwamba anayeishi barabarani yuko kwenye hatari zaidi ya kukosea. Hiyo ndio hoja yako ya kilomita imeandikwa kwenye sheria ya watu. Ikatumieni.

La pili linaniuma zaidi. Nani amekupangia ile safari? Kama tajiri wako amekupa mzigo saa 4 usiku akasema asubuhi uwe umefika, na umbali wenyewe haufikiki bila kukanyaga mafuta, ukipigwa tochi pointi zinaingia kwako peke yako na yeye kalala. Nimeongea na madereva wengi, wananiambia wazi mwalimu spidi ile sio yangu, ni ya ofisi. Umoja wa Ulaya wana kanuni ya mwaka 2006, dereva haendeshi zaidi ya saa 4 na nusu bila kupumzika dakika 45, kwa siku saa 9 ndio kiwango cha kawaida, kuna kifaa ndani ya gari kinarekodi kila kitu, na kampuni yenyewe inabeba kosa la dereva wake akizidisha. Tena inakatazwa kumlipa dereva bonasi ya kuwahi au ya kilomita kama malipo hayo yanahatarisha usalama. Muswada wowote unaoleta pointi kwa dereva bila kumgusa mwenye gari ni nusu ya sheria, na hapo nitasimama na wewe hata hadharani.

Lakini kaka lazima nikwambie na hili. Lori lako likiwa na mzigo halisimami kama gari dogo, na aliye mbele yako hana la kufanya. Shirika la Afya Duniani linasema spidi ya wastani ikipanda kwa asilimia 1 tu, uwezekano wa ajali yenye kifo unapanda kama asilimia 4. Kwahiyo kuwa barabarani muda mrefu ni sababu ya kupewa kozi na mapumziko, haiwezi kuwa sababu ya kuachiwa.

SWALI: Mwalimu hili swali naomba usiweke jina. Mume wangu alipigwa picha na kamera kazidisha spidi, pointi zake ziko karibu na mwisho. Leseni yangu mimi ni safi kabisa. Anataka niandike kwamba mimi ndio nilikuwa naendesha. Anasema kila mtu anafanya hivyo na ni karatasi tu. Nikikataa nyumbani hapakaliki. Nifanye nini? Mke

JIBU: Dada yangu usiandike. Kwanza nalijibu hilo mapema maana najua fomu zina tarehe ya mwisho na labda unasoma huku imekaa mezani. Usiandike.

Si karatasi tu. Uingereza kulikuwa na mwanasiasa anaitwa Chris Huhne, mwaka 2003 gari lake lilipigwa picha kwenye barabara ya M11 likizidisha spidi, na mke wake wa wakati huo, Vicky Pryce, mchumi mwenye jina kubwa, akazibeba pointi kama zake. Miaka ikapita. Yule bwana akapanda mpaka kuwa waziri wa nishati, ndoa ikavunjika, habari ikatoka nje. Mwaka 2012 akajiuzulu uwaziri, mwaka 2013 akakiri kosa mahakamani, mke alijitetea kwamba alilazimishwa na mume lakini baraza la mahakama halikukubali, na Machi 2013 kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miezi 8. Wote wawili, dada. Na kosa walilofungwa nalo halikuwa spidi tena, lilikuwa kupotosha haki. Kosa la kufungiwa kuendesha kwa miezi michache likageuka jela, na miaka 10 ilikuwa imepita.

Angalia hapo kilichomkuta yule mke. Utetezi wa "mume wangu alinilazimisha" haukumwokoa. Na wewe sasa hivi unaniandikia kwamba ukikataa nyumbani hapakaliki, maana yake unajua kabisa hiki kitu sio hiari yako. Mwambie kwa upole lakini wazi kwamba hutasaini, kama unamuogopa mwambie mbele ya mtu mzima mnayemheshimu wote wawili, mjomba, shangazi, kiongozi wenu wa dini, yeyote. Alafu kuna njia halali za kumsaidia: akaulize kama kuna kozi ya kurudishiwa pointi au ya kupunguza adhabu, kama anaona kamera imekosea akate rufaa kwa jina lake mwenyewe, na kama atafungiwa miezi kadhaa wewe una leseni safi, utamwendesha.

Na kama kuna vitisho au kipigo ndani yake basi hii sio habari ya pointi tena, niandikie tena au nenda kwa mtu unayemwamini leo leo.

SWALI: Mtu akinyang'anywa leseni si ataendesha tu bila leseni? Mimi nawajua watatu. Msomaji

JIBU: Ndio, wapo, na hapo ndipo mfumo unapoonekana kama una meno. Anayeendesha akiwa amefungiwa ni kosa zito kuliko lile lililomfungia, lakini uzito huo unajulikana tu kama askari anaposimamisha gari anaweza kuangalia hapohapo leseni hai au imekufa. Kadi mfukoni haitoshi. Kama hakuna kifaa cha kuangalia, hao watatu wako wataongezeka.

SWALI: Mwalimu nakuheshimu lakini kwenye hili la pointi unatupoteza. Wewe unajua na mimi najua kitakachotokea. Trafiki atasimamisha gari atasema kosa lako ni pointi 4, tunafanyaje? Zamani ulikuwa unatoa kidogo kukwepa faini, sasa utatoa kikubwa kukwepa kupoteza leseni. Mmepandisha bei ya rushwa tu hamjaokoa mtu. Niliyechoka

JIBU: Ndugu yangu, katika hoja zote za wanaopinga hii ndio inayonikosesha usingizi, na sitakwambia kwamba si kweli. Ni kweli. Adhabu ikiwa kubwa na mwenye kuiandika ni mtu mmoja amesimama pembeni ya barabara na kalamu, mnamuweka yeye na dereva kwenye majadiliano.

Ndio maana nilisema nina masharti. Askari wa barabarani aandike kosa, lakini pointi ziingizwe na mfumo, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye sheria ambacho hata dereva anakijua kwa kichwa, kosa fulani pointi fulani, hakuna cha kati ya 2 na 6 kwa kuangalia sura. Dereva apate taarifa kwa maandishi, aweze kuangalia mwenyewe leseni yake ina pointi ngapi siku yoyote bila kwenda kumbembeleza mtu, na awe na sehemu ya kukata rufaa ambayo haipo chini ya yule yule aliyemwandikia. Askari naye awe na rekodi, nani kasimamisha magari mangapi na kaandika mangapi. Bila hayo mimi mwenyewe naungana na wewe kupinga.

Ila nakukatalia kwenye neno moja, kwamba hamjaokoa mtu. Mwaka 2012 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali zenye pointi, ukaona mwanzoni ajali, vifo na majeruhi vinashuka kwa kama asilimia 15 hadi 20. Hiyo si ndogo. Tatizo ni kwamba uchambuzi huohuo ukaona nafuu hiyo inafifia ndani ya miezi isiyozidi 18. Na sababu ukikaa ukafikiri unaiona: sheria ikianza watu wanaogopa, kila gari linalowaka taa wanadhani askari, wanapunguza spidi, mkanda wanafunga, alafu mwezi wa 3 wa 6 wa 12 dereva anagundua mbona sijasimamishwa hata mara moja, na mguu unarudi palepale.

Mfano mzuri Ireland. Walianza Oktoba 2002, na walianza na spidi peke yake kwanza, makosa mengine yakaongezwa baadaye. Vifo vikashuka mwaka 2003, watu wakafurahi, alafu 2004 na 2005 vikapanda tena. Mwaka 2006 wakaruhusu polisi kupima pombe dereva yeyote kwenye vizuizi hata kama hajaonyesha dalili ya kulewa, hapo vifo vikaanza kushuka tena kwa miaka. Ufaransa nao pointi walikuwa nazo tangu 1992 lakini mwaka 2002 watu zaidi ya 7,000 walikuwa bado wanakufa barabarani kwa mwaka. Rais Jacques Chirac akaufanya usalama wa barabara kuwa moja ya mambo yake makubwa matatu, kamera za spidi zinazojiendesha zikaanza kufungwa mwaka 2003, na kufikia 2006 vifo vilikuwa chini ya 5,000. Jumla ya pointi ni ileile 12. Kilichobadilika zaidi ni kwamba sasa dereva alijua atakamatwa, na kamera haina mfuko wa kutia kitu. Hata wewe uliyechoka nadhani hapo tunaweza kukutana.

SWALI: Mwalimu kwanini hii sheria kila mwaka inasemwa inakuja haiji? Wabunge wanaogopa nini? Mfuatiliaji

JIBU: Wanaogopa wenye magari, maana wenye magari wanapiga kura na wana sauti. Lakini si hilo tu, kuna ubishi halali pia, na Afrika Kusini ndio darasa kubwa. Sheria yao inaitwa AARTO, ilipitishwa mwaka 1998, ikafanyiwa marekebisho 2019, na pointi zikawa zinaahirishwa tu. Januari 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria ikaitupa yote, ikisema mambo ya barabara na maegesho ni mamlaka ya majimbo na miji, serikali kuu imeingia sipo. Julai 2023 Mahakama ya Katiba ikageuza, ikasema sheria ni halali. Miaka 25 imekatika hapo tangu ipitishwe!

Mle ndani kulikuwa na ubishi mmoja ambao watu waliudharau mimi siudharau: taarifa ya kosa imfikie vipi dereva. Marekebisho yale yaliruhusu njia za kielektroniki, wapinzani wakasema mtu anaweza kufungiwa kwa barua pepe ambayo hakuwahi kuiona. Mnaona ni jambo dogo la karani, lakini fikiria umepoteza leseni kwa kosa ambalo hujui kama uliandikiwa.

Alafu kuna hofu ya hasira za barabarani. Ufaransa mwaka 2018 walishusha spidi ya barabara nyingi za nje ya miji kutoka 90 hadi 80, miezi michache baadaye maandamano ya vizibao vya njano yakalipuka, chanzo chake kikubwa kilikuwa kodi ya mafuta lakini kamera za spidi zilivunjwa na kuchomwa kwa wingi, watu waliziona kama mashine za kukusanya hela. Tangu Januari 2024 wamelegeza, ukizidisha chini ya kilomita 5 kwa saa faini unalipa lakini pointi haikatwi. Wengine wanaita kusalimu amri. Mimi naona walifanya sawa, pointi zikikatwa kwa vitu vidogo sana watu wanaacha kuziheshimu hata kwa vikubwa.

Ukienda kwenye mkutano wa mbunge wako usimuulize unaunga mkono au unapinga, atakujibu siasa. Muulize hela ya faini itaingia mfuko gani na itaonekana wapi. Pointi zenyewe haziingizi shilingi kwa serikali, na huyo anayesema "wanatafuta hela tu" anachanganya, lakini faini zinazoambatana nazo zinaingiza, na wananchi wana haki ya kuona zikijenga vivuko na njia za waenda kwa miguu.

SWALI: Mwalimu mimi ni bibi, aliyeandika hapa ni mjukuu wangu mkubwa nikimtajia maneno. Mdogo wake aligongwa akitoka shule, ana miaka 9, Mungu amemuacha hai lakini mguu haujarudi kama zamani. Yule dereva tuliambiwa alishakamatwa kwa spidi kabla, zaidi ya mara moja, akalipa akaondoka. Nawasikia wanabishana kwenye redio pointi pointi. Nataka kujua kitu kimoja, zingekuwepo yule mtoto angepona mguu? Bibi

JIBU: Shikamoo bibi. Pole sana, na mpe mjukuu wangu pole zangu, na kaka yake aliyeandika nimeona mwandiko wake, ameandika vizuri.

Bibi siwezi kukuapia. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu kama yule, aliyekamatwa akalipa akakamatwa tena akalipa tena, ndiye hasa mfumo huu ulitengenezewa. Kule zinakofanya kazi kweli, makosa yake yangejumlishwa, angeitwa kozi, angeonywa kwa barua (Ujerumani akifika pointi 4 anaonywa kwa maandishi, akifika 6 anaonywa mara ya mwisho), na kama asingesikia angekuwa hana leseni siku ile. Labda angekuwa nyumbani. Labda angeendesha hivyohivyo. Lakini kungekuwa na mtu aliyejaribu kumzuia kabla, na kwa mjukuu wako hakuna aliyejaribu.

Ila nikikuachia hapo nitakuwa nimekuambia nusu. Nchi ya Sweden haina pointi za leseni kabisa, na barabara zake ni kati ya salama zaidi Ulaya. Mwaka 1997 bunge lao lilikubaliana jambo ambalo wabunge wengi hawapendi kulisema, kwamba binadamu atakosea tu, sasa barabara yenyewe ijengwe ili kosa lisigeuke kifo. Wakagawanya barabara kwa vizuizi vya katikati magari yasikutane uso kwa uso, na palipo na watu wengi wanaotembea wakashusha spidi hadi 30. Leseni wananyang'anya vilevile kwa kosa kubwa, moja kwa moja, bila kuhesabu. Duniani watu milioni 1.19 hivi wanakufa barabarani kwa mwaka, na ajali ndio muuaji wa kwanza wa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29, zaidi ya ugonjwa wowote. Zaidi ya nusu ya wote wanaokufa barabarani hawakuwa ndani ya gari, walikuwa wanatembea kwa miguu kama huyo wetu, au wako kwenye baiskeli au pikipiki.

Ndio maana naogopa mjadala ukibaki kwenye pointi tu. Kupitisha sheria ni rahisi kuliko kujenga tuta mbele ya shule, na mwanasiasa anaweza kupiga picha siku ya kupitisha sheria akaondoka, tuta likasahaulika.

Bibi naomba ruhusa yako jambo moja. Kamati za bunge huwa zinapokea maoni ya wananchi wakati muswada unajadiliwa, na mara nyingi wanaokwenda ni kampuni za usafiri, bima na wanasheria, familia za waliogongwa haziendi. Mwambie mjukuu mkubwa aandike barua nyingine kama hii, fupi hivihivi. Aandike tarehe, aandike mahali penyewe na kama pana kivuko au hapana, aandike magari huwa yanapita kwa spidi gani saa ya watoto kutoka shule, na kwamba dereva alikuwa na makosa ya nyuma yasiyojumlishwa popote. Mwalimu mkuu wa shule aisaini pia, na wazazi wengine wanaoweza. Nitumieni nakala, mimi nitaipeleka kwa mkono wangu siku ya kikao.